Kinyama kwenye jicho na sindano ya miezi mitatu: niache?

Shikamoo Anti,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 36, naishi Hombolo na mume wangu. Tunalima zabibu. Nina jambo linaninyima usingizi, na kila mtu pale nyumbani ana lake la kusema, ndiyo maana nimeamua kukuandikia.

Tangu baada ya mavuno ya mwezi wa tatu nimeota kinyama kwenye jicho la kulia, upande wa puani, palepale weupe unapokutana na ule mduara mweusi. Mwanzo lilikuwa doa jekundu tu, nikajua ni salfa, maana ndiyo tunayopulizia mizabibu na siku ile upepo ulinigeukia. Sasa kimeinuka, kina ukubwa wa punje ya uwele. Juu yake kuna utando mweupe hautoki hata ninawe vipi, na kuna mshipa mwekundu mnene umenyooka moja kwa moja mpaka kwenye hicho kinyama. Hakiumi. Kinakereketa tu, na jicho linatoa machozi nikiwa shambani. Duka la dawa walinipa matone, nimemaliza vichupa viwili. Nikitia, wekundu unapungua, nikiacha, unarudi.

Kinachonitisha ni mama yangu mdogo wa Mpwapwa. Yeye alianza hivihivi. Alikaa nacho zaidi ya mwaka, mganga akawa anamtia maji ya majani, na alipofika hospitali jicho likabidi litolewe. Walimwambia ni saratani. Yu hai, anafanya shughuli zake, lakini habari za kliniki hataki hata kuzisikia.

Sasa, mama mdogo alichoma sindano za uzazi wa mpango miaka mingi. Na mimi nachoma ile ya miezi mitatu, mwaka wa saba huu. Wifi yangu anayesoma chuo mjini kasoma kwenye simu kwamba homoni za kike zinahusika na saratani za macho. Akamwambia mama mkwe, mama mkwe akamwambia mume wangu. Nimeambiwa niache sindano, kinyama kitanywea chenyewe. Mama mkwe anasema pia kwamba nikija kushika mimba baada ya sindano hizi, mtoto atazaliwa na jicho la paka, kama mtoto wa jirani yao mmoja. Mume wangu si mkali, ila naye ameingiwa na hofu. Mimi siko tayari kwa mimba nyingine. Ya mwisho nilivuja damu nikaponea chupuchupu.

Tarehe yangu ya sindano ni wiki mbili zijazo. Je, ni kweli homoni ndizo zilizoniletea hiki kinyama? Niache? Na nikiacha, kitaondoka?

Mama wa watatu, Hombolo

*

Marahaba, mwanangu.

Naanza na jicho, kwa sababu hilo haliwezi kusubiri, na la homoni linaweza. Wiki hii hii panda gari uende mjini ukaonwe na daktari wa macho. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile tunayoiita General, inatibu macho, na Benjamin Mkapa pia. Kama una ndugu upande wa Mvumi, hospitali ya kule imetibu macho ya watu wa Dodoma tangu wazazi wetu. Popote utakapoona ni rahisi kwako kufika, nenda. Ila usirudi tena duka la dawa. Matone ya kuondoa wekundu yanaficha tatizo bila kuligusa, na mengine yana dawa ambazo zikitumika muda mrefu bila kupimwa huleta presha ya macho, ambayo inapofusha kimyakimya. Vile vichupa viwili vitupu kama bado unavyo, vichukue, daktari aone ulichokuwa unatia.

Sisemi una saratani. Huku kwetu jua kali na vumbi huwaotesha watu wengi kinyama kisicho na madhara makubwa, madaktari hukiita pterijiamu. Kwa kawaida kinaanzia upande wa puani kama chako, kina umbo la pembetatu, ni laini na bapa, na kinatambaa taratibu miaka na miaka. Lakini wewe umenieleza mambo matatu ambayo nimeyasoma mara mbilimbili: kimeinuka ndani ya miezi michache, kina utando mweupe usiotoka, na kuna mshipa mnene unaokwenda kukilisha. Hizo ni dalili ambazo muuguzi wa macho yeyote akiziona hakuruhusu urudi nyumbani hivihivi. Saratani ya ile ngozi nyembamba inayofunika weupe wa jicho huanza namna hiyo, hapohapo weupe unapokutana na cheusi, na mwanzoni haiumi. Watu wengi huchelewa kwa sababu hiyo tu, kwamba haiumi.

Daktari atakiangalia kwa ile darubini ya mezani, unayoegemeza kidevu. Akikishuku, atakikata kwa ganzi, ukiwa macho, na utarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kitu kimoja nakuomba usikisahau: muulize kama kinyama kinapelekwa maabara. Kwa macho tu, hata daktari mzoefu anaweza kukosea, na jibu la uhakika hutoka kwenye kinyama chenyewe. Usikubali kitupwe. Na kikiwa ndicho, kikakatwa kikiwa bado kidogo, jicho linabaki na kuona unaona. Yapo pia matone ya dawa ya saratani iitwayo fluorouracil, hutiwa kwa wiki 4 baada ya kidonda kupona. Yalijaribiwa kwa wagonjwa wa Kenya na matokeo yakachapishwa mwaka 2016: waliotumia matone hayo, ugonjwa uliwarudia asilimia 11 ndani ya mwaka, na waliotiwa matone yasiyo na dawa asilimia 36. Muulize daktari wako kuhusu matone hayo.

Sasa, kimeletwa na nini? Aina hii ya saratani visababishi vyake vinajulikana vizuri, na sindano ya uzazi wa mpango haimo. La kwanza ni jua. Mwaka 1996 watafiti walilinganisha nchi mbalimbali wakaona kwamba kwa kila digrii 10 unazosogea mbali na ikweta, ugonjwa huu unapungua karibu nusu. Dodoma tupo digrii 6 tu kutoka ikweta, juu ya uwanda wa zaidi ya mita 1,000, na wewe unashinda kwenye mizabibu bila kofia. La pili ni virusi vya UKIMWI. Anayeishi na virusi, kinga ikishuka, yuko kwenye hatari kubwa mara kadhaa kuliko asiye navyo. Virusi vya HPV, vilevile vinavyosababisha saratani ya shingo ya kizazi, navyo vinashukiwa.

Kuna jambo hapa linaloweza kumpotosha mtu yeyote, hata msomi kama wifi yako. Ulaya na Marekani saratani hii ni ya wazee wanaume. Huku Afrika Mashariki inawapata watu wa umri wako, na wanawake kwa wingi sawa na wanaume au kuwazidi. Ukiangalia hilo haraka utasema, basi ni homoni za kike. Lakini angalia na hili: uchunguzi wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulikuta maambukizi ya virusi vya UKIMWI Tanzania ni asilimia 5.6 kwa wanawake na 3.0 kwa wanaume. Halafu hesabu mwenyewe nani anapalilia, anachota maji, anauza barabarani juani kutwa. Maelezo yapo bila hata kufika kwenye homoni.

Kwa hiyo, ukifika kliniki, pima virusi vya UKIMWI. Najua neno hilo kwenye nyumba yenye mume na mama mkwe ni zito. Ni bora mkapime wawili, wewe na mumeo, na huduma ni bure. Ukiwa navyo, ARV zinaanza mara moja na zitakusaidia jicho na mwili mzima. Ukiwa huna, kinyama bado kinakatwa na kupimwa, maana saratani hii inawapata pia wasio na virusi.

Nije kwa homoni. Wifi yako hakuzua. Jicho lina vipokezi, yaani sehemu zinazopokea homoni, vya homoni za kike na za kiume: kwenye tezi za machozi, kwenye vijitezi vya mafuta vilivyopangana ukingoni mwa kope. Ndiyo maana wanawake wengi wakikoma hedhi macho hukauka, yanakwaruza kama yameingia mchanga. Kosa ni kuchukua neno "saratani ya jicho" kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Ni kadhaa, na kila mmoja una habari zake.

Waliouliza swali la homoni kwa bidii zaidi ni wanaochunguza melanoma ya ndani ya jicho, inayoota kwenye tabaka lenye rangi na mishipa nyuma ya retina, ule utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga. Kwa watu wazima wenye ngozi nyeupe, ndiyo saratani kuu inayoanzia ndani ya jicho, na hata huko Marekani huwapata watu takribani 5 tu katika kila milioni kwa mwaka. Kwetu sisi weusi ni adimu kabisa. Shaka ilitokana na wanawake waliogundulika wakiwa wajawazito, au uvimbe wao ukaonekana kukua wakati wa mimba. Watafiti wakatafuta vipokezi vya estrojeni, ile homoni kuu ya kike, kwenye uvimbe huo, na wengi hawakuvikuta. Wakawachunguza waliomeza vidonge vya majira na waliopewa homoni baada ya kukoma hedhi, matokeo yakapingana. Nadhani wifi yako alikutana na mjadala huo. Ni mjadala wa kweli, lakini ni wa ugonjwa mwingine, na kwa watu wengine.

Pale ambapo homoni na jicho vinakutana bila ubishi ni kwenye saratani ya titi. Saratani nyingi zinazokutwa ndani ya jicho la mtu mzima hazikuanzia jichoni, zimetoka kwingine, na kwa wanawake chanzo kikuu ni titi. Na nyingi za titi hulishwa na estrojeni. Tangu mwaka 1896 daktari George Beatson wa Glasgow alionyesha kwamba kumtoa mwanamke ovari kunaweza kunyausha saratani ya titi, na leo dawa kama tamoksifeni hufanya kazi kwa kuzuia homoni hiyo. Mgonjwa ambaye saratani imemfika jichoni anaweza kupata nafuu ya kuona kwa dawa hizohizo. Hivyo ukimjua mwanamke aliyetibiwa titi, akaanza kuona ukungu au vimulimuli, mwambie asisubiri tarehe ya kliniki. Wewe mwenyewe jishike matiti kila mwezi, ukikuta uvimbe nenda.

Ipo pia saratani ya vile vijitezi vya mafuta vya kope, ambavyo huendeshwa na homoni za kiume ambazo hata sisi wanawake tunazo. Hiyo hujifanya chokea. Mzee akitokwa na chokea kisichopona, au kinachorudi palepale kila kikikamuliwa, nacho kikatwe kipimwe.

La jicho la paka limenigusa kuliko yote, kwa sababu linawabebesha akina mama hatia isiyo yao. Mtoto mwenye mng'ao mweupe ndani ya mboni anaweza kuwa na retinoblastoma, saratani ya watoto wadogo, wengi wao chini ya miaka 5. Inatokana na kuharibika kwa jeni moja, yaani kipande cha urithi, kiitwacho RB1, ndani ya chembe za retina. Wengine wamelirithi likiwa bovu, kutoka kwa baba au kwa mama, na kwa wengine limeharibika lenyewe bila mtu kufanya kosa lolote. Wavulana na wasichana inawapata sawa. Sindano haihusiki hata kidogo. Ila naomba unisaidie jambo: huyo mtoto wa jirani alipelekwa hospitali? Weupe huo unaweza pia kuwa mtoto wa jicho, lakini asiyeonwa hatuwezi kujua, na retinoblastoma ikiachwa inaua. Ikiwahiwa, mtoto anapona, na Muhimbili wanaitibu. Kama hakupelekwa, mwambie mama yake leo.

Sasa sindano yenyewe. Haikukuletea kinyama, na ukiiacha hakitanywea. Tena hilo ndilo linaloniogopesha katika ushauri wa nyumbani kwako: utaacha sindano, mtakaa kusubiri kinyama kipungue, na miezi inakwenda.

Lakini kuna jambo moja la kweli kuhusu sindano hii na ni haki yako kulijua. Mwaka 2024 watafiti wa Ufaransa walichapisha utafiti wa wanawake zaidi ya 18,000 waliopasuliwa meninjioma, yaani uvimbe unaoota kwenye utando unaofunika ubongo. Walikuta kwamba kutumia dawa iliyomo kwenye sindano yako kwa zaidi ya mwaka kunaongeza uwezekano wa uvimbe huo mara 5 hivi. Uvimbe huu mara nyingi si saratani, na wengi wake una vipokezi vya projesteroni, homoni ya kike inayofanana na dawa ya sindano yako. Ukiota karibu na mshipa wa fahamu wa jicho hubana, mtu akaanza kupoteza uwezo wa kuona au jicho likasukumwa nje. Hapo mama mkwe wako angesema, si nilisema! Aelezwe vizuri: uvimbe wenyewe ni adimu, hivyo hata ukiongezeka mara 5 bado ni adimu, nao hauoti juu ya weupe wa jicho kama kinyama chako. Kuvuja damu wakati wa kujifungua kunaua akina mama wengi kuliko uvimbe huo, na wewe umeshachungulia kaburi mara moja.

Kama ningekuwa na nafasi ya kukaa nawe, ningekwambia hivi: miaka saba inatosha kukaa na mtoa huduma na kuuliza kama kuna njia itakayokufaa zaidi. Kitanzi cha madini ya shaba hakina homoni kabisa na hudumu miaka 10 au zaidi, ingawa kwa wengine huongeza damu ya hedhi, hivyo umweleze historia yako. Kama wewe na mumeo mmeshatosheka na watoto watatu, kuna kufunga uzazi, na la mwanaume ni jambo dogo na salama kuliko la mwanamke. Huduma hizi kwenye vituo vya serikali ni bure. Lakini usibadilishe kwa woga, na usiache pengo la hata wiki moja kati ya njia moja na nyingine. Ukianza kuumwa kichwa kisichokwisha, au kuona kukapungua, sema kliniki kwamba umetumia sindano miaka saba.

Mama yako mdogo naye hajamaliza. Saratani hii inaweza kurudi kwenye tundu la jicho au kuhamia kwenye tezi za mbele ya sikio na shingoni. Mpapase hapo ukienda Mpwapwa. Ukikuta kivimbe kigumu, usimwachie uamuzi peke yake. Umuulize kama aliwahi kupimwa virusi vya UKIMWI. Na kama anaona aibu kutoka nje, yapo macho ya bandia. Pengine kumkaribisha kliniki kwa ajili ya hilo ndiyo njia atakayoikubali.

Na tarehe yako isikupe presha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu sindano hii kuchelewa hadi wiki 4 bila kuhitaji kinga ya ziada. Una muda wa kwenda mjini, kukatwa kinyama, kukaa na mumeo na kuamua. Mkizidisha hizo wiki 4, mtumie kondomu mpaka ukaonwe. Ukienda, vaa kofia pana, na majibu ya maabara yakitoka niandikie.